Metali Majini na Ujenzi wa Magamba: Somo la Sayansi Mbali na Bahari

Katika mazoezi ya kufundisha mkoani Shinyanga, tulimwona mwalimu mwanafunzi akilionyesha darasa la sita picha ya meli iliyopandishwa chelezoni, tumbo lake limejaa magamba ya viumbe wa baharini. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona wanaota juu ya chuma?" Akajibiwa kwamba chuma huwapa nguvu ya kutengeneza gamba. Watoto wote wakaliandika jibu hilo daftarini, na jibu lenyewe si sahihi. Makala hii inaeleza lililo sahihi, na namna ya kulifikisha kwa mtoto ambaye hajaiona bahari.

Gamba hutoka wapi?

Gamba la chaza, kome au konokono hujengwa kwa chokaa, yaani kalisi kaboneti. Ndani ya gamba mna ngozi laini ambayo hutumia kalisi itokayo majini na katika chakula, ikaongeza tabaka baada ya tabaka ukingoni. Chuma cha meli hakishiriki katika kazi hiyo. Kwa kiumbe mchanga, ubavu wa meli ni kama mwamba: ni mahali pagumu pa kujishikiza.

Hata hivyo, metali hazilingani. Shaba huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya chumvi, na hicho kiyeyukacho ni sumu kwa viumbe hao. Ndiyo maana mwaka 1761 Waingereza waliivika shaba manowari yao iitwayo Alarm. Baadaye iligunduliwa kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy aliligeuza jambo hilo kuwa dawa: alishauri vipande vya chuma au zinki viunganishwe na shaba ya meli, ili vilike vyenyewe na shaba ipone. Shaba ilipona kweli, lakini magamba na majani yakaota tele juu yake! Shaba ilipoacha kuyeyuka, ilikoma pia kutoa sumu. Basi tusitazame uso wa metali tu. Tutazame kile kinachotoka katika metali na kuingia majini.

Matayarisho

Chupa mbili za kioo, maji, chumvi, misumari miwili mipya, waya mtupu wa shaba, ganda la yai na ndimu.

Hatua za somo

1. Kamulia ndimu juu ya ganda la yai. Watoto wataona mapovu, kwani asidi huila chokaa. Waeleze kwamba gamba la chaza nalo ni la chokaa.

2. Tia maji ya chumvi katika chupa zote mbili. Katika ya kwanza weka msumari mtupu. Katika ya pili weka msumari uliozungushiwa waya wa shaba. Waache watoto wakisie kitakachotokea, nawe usiwaambie.

3. Baada ya siku mbili au tatu, walinganishe. Msumari wenye shaba utakuwa na kutu nyingi zaidi. Uliza: "Ni metali ipi inayolika? Ipi inalindwa?" Kisha ndipo usimulie habari za Davy.

Watoto wa Geita waulizwe pia kuhusu dhahabu. Wanajua kwamba haishiki kutu. Waeleze wenyewe kwa nini hukutwa iking'aa mchangani.

Tahadhari

Usiwatume watoto lamboni kutafuta konokono. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba viini vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Zamani mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulitumiwa kuwaua konokono hao. Mfano huo unafaa kusimuliwa, lakini usijaribiwe, kwa kuwa mrututu huua samaki pia na ni sumu kwa mtu.

Hitimisho

Mwalimu yule tulimshauri arudi darasani akaseme, "Jana nilikosea, leo tuchunguze pamoja." Aliona haya, lakini alikwenda, na watoto wakafuta jibu la kwanza. Ndugu mwalimu mwanafunzi, swali usiloweza kulijibu liandike ubaoni, ukalitafutie jibu. Jibu la kubuni halifutiki kwa urahisi, maana mtoto hulipokea kwa kumwamini mwalimu wake.