MSAADA KWA ASKARI POLISI ALIYEUMIA KAZINI

Kazi ya polisi ni kazi ya hatari. Askari hutumwa usiku kumfuata mwizi mwenye panga, husimama barabarani kuzuia magari yaendayo kasi, na katika sehemu za kaskazini ya Kenya hupambana na wezi wa mifugo wenye bunduki. Mwezi wa Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari polisi na askari wa akiba zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Waliokufa walizikwa kwa heshima. Walionusurika walirudi kwao na majeraha, na kumbukumbu ya mambo waliyoyaona. Yafaa kila jamaa ya askari ajue ni msaada gani mtu kama huyo astahiliwa kupata.

Jambo la kwanza la kufahamiwa ni kwamba malipo ya aliyeumia kazini si sadaka wala fadhili ya mkubwa wake. Ni haki iliyoandikwa katika sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Sheria hii yawahusu watumishi wa Serikali sawasawa na wafanyakazi wa kampuni. Wanajeshi hawamo, lakini polisi si wanajeshi.

Kwa sheria hiyo, mwajiri hulipa gharama za matibabu zilizo za haki, pamoja na dawa, na hata mguu wa bandia au magongo ikiwa yahitajiwa. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa mshahara wake akiendelea kutibiwa, kwa muda usiozidi miezi 12. Akibaki na kilema cha daima, hesabu hufanywa kwa mshahara wa miezi 96. Aliyepoteza macho yote mawili huhesabiwa kuwa amepoteza mia kwa mia. Aliyepata kilema kidogo hupewa sehemu yake. Kwa mfano, mtu mwenye mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, daktari akimkadiria kilema cha kumi kwa mia, hesabu yake huwa shilingi 288,000.

Lakini haki hiyo yaweza kupotea. Sheria yataka ajali itangazwe kwa mwajiri na madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo askari aliyeumia, hata akidhani jeraha ni dogo, na ahakikishe kwamba limeandikwa siku ile ile katika kitabu cha matukio cha kituo, ambacho askari wote hukiita OB. Aiandike namba ya maandishi hayo mahali pengine, na atunze karatasi zote za hospitali. Ikiwa yeye hajiwezi, mkewe, mumewe au ndugu yake aweza kupeleka habari kwa niaba yake. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini anazo siku 60 za kumpelekea pingamizi kwa maandishi. Asiporidhika tena na jibu lake, anazo siku 30 za kwenda mahakama ya kazi.

Yako majeraha mengine ambayo hayaonekani kwa macho. Askari aliyeokota maiti za ajali, au aliyeona mwenzake akipigwa risasi, aweza kurudi nyumbani mzima wa mwili, lakini hapati usingizi, hushtuka kila kishindo, huwakasirikia watoto bila sababu, au hunywa pombe kupita kawaida yake. Wengi huona haya kusema, wakiogopa kuitwa waoga. Huo si woga. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, nao hutibika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa ajili hiyo Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi imeweka washauri wa kuwasikiliza askari wenye shida, na wako pia makasisi na maimamu wa polisi. Hospitali kubwa za Serikali zina madaktari wa magonjwa ya akili. Jamaa wakiona dalili hizo wasimgombeze mgonjwa wala kumcheka. Wamkalishe mtu anayemheshimu, azungumze naye kwa upole na kumpeleka kwa mshauri. Lakini akianza kutamka maneno ya kujiua au ya kuua, wasingoje hata siku moja. Mkubwa wa kituo aambiwe mara moja, ili bunduki ya mgonjwa irudishwe katika ghala la silaha, naye apelekwe hospitali. Kufanya hivyo si kumchongea. Ni kuokoa maisha yake na ya watu wa nyumbani mwake.