Kamera Ipimwe kwa Kisigino

Wilaya ya Rusizi, katika kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, haina tambarare nyingi ukiliacha bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi huinuka kilima baada ya kilima kuelekea msitu wa Nyungwe. Mkazi wa sekta ya Gashonga anayekimbia kwa ajili ya afya yake hana budi kupanda na kushuka, tena juu ya udongo unaoteleza wakati wa mvua na kutimua vumbi wakati wa kiangazi. Vilima hivyo vinavyomkata pumzi mkimbiaji ndivyo vinavyomwita mpiga picha: ukungu uliolala mabondeni alfajiri, migomba inayong'aa baada ya mvua, watu njiani kwenda sokoni. Si ajabu basi mtu mmoja akawa na mapenzi yote mawili. Siku akiumia kano ya kisigino hujikuta na maswali mawili: arudi lini barabarani, na abebe kamera gani? La kwanza hulipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, la pili kwa muuza kamera. Hoja yangu ni kwamba hayo ni swali moja, na kwamba kamera ya mtu anayerudi kwenye mbio inapaswa kuchaguliwa kwanza kwa kile ambacho mguu wake unaweza kubeba leo, kisha ndipo tuzungumze juu ya ubora wa picha.

Tuanze na kano yenyewe. Kano ni kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Hupata damu kidogo kuliko msuli, na kwa sababu hiyo hujijenga taratibu sana. Moyo na mapafu ya mtu aliyekaa bila mazoezi huchangamka tena ndani ya majuma machache. Kano hudai miezi. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Pumzi imerudi, mwili unajisikia mwepesi, mkimbiaji anaamini amepona, kumbe kile kilichoumia bado kiko nusu ya safari. Na kazi ya kano ya kisigino si ndogo: inakadiriwa kwamba mtu anapokimbia, kila hatua huivuta kwa nguvu ya mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Sasa mvishe mkimbiaji huyo mkoba wa kilo 2. Kwa makadirio ya chini, kano inaongezewa kilo 12 katika kila hatua. Akikimbia polepole kwa nusu saa, hatua 160 kwa dakika, kila mguu utakanyaga mara 2,400. Zidisha, na kano moja imeongezewa jumla ya karibu tani 29. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani mkoba hautikisiki sawasawa na kiwiliwili, lakini inatosha kuonyesha kwa nini kilo 2 mgongoni si kilo 2 kisiginoni.

Kisha kuna vilima. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Gottschall na Kram, walichapisha vipimo vya watu waliokimbia kwenye mashine yenye mwinamo wa nyuzi 9, yaani kushuka takribani mita 16 kwa kila mita 100. Kishindo cha mguu kutua kiliongezeka kwa asilimia 54 ukilinganisha na kukimbia kwenye tambarare, na nguvu ya kujizuia ili mtu asiporomoke iliongezeka kwa asilimia 73. Katika kupanda kishindo hupungua, lakini msukumo wa kujinyanyua, ambao msuli wa shavu la mguu na kano ya kisigino huubeba, nao huongezeka vilevile. Mwinamo wa namna hiyo si jambo la maabara kwa mtu wa Gashonga. Anaweza kuukuta kati ya nyumba yake na barabara. Kila gramu anayoibeba huzidishwa na mteremko kabla haijafika mguuni.

Kwa hiyo tutazame mizani ya kamera kama tunavyotazama mizani ya mazoezi. Canon EOS 5D Mark IV, kamera nzuri ambayo wapiga picha wengi wa harusi wameitegemea, ina uzito wa karibu gramu 890 ikiwa na betri. Lenzi yake maarufu ya milimita 24 hadi 70 huongeza gramu 805. Weka betri ya akiba na mkoba wenyewe, na kilo 2 zimetimia. Upande wa pili kuna Ricoh GR III, kamera ya mfukoni yenye lenzi moja isiyobadilishwa, ambayo pamoja na betri na kadi ina gramu 257. Simu ya kawaida huwa karibu gramu 200. Lenzi isiyotolewa ina faida nyingine katika nchi ya vumbi, kwa sababu hakuna haja ya kufungua kamera kando ya njia, ingawa hata kamera ya mfukoni huvuta vumbi kidogo lenzi inapochomoza na kurudi ndani. Jambo lisilosemwa sana ni mkanda. Kamera inayoning'inia begani huyumba, na mwili huyumba nayo. Bega moja hupanda, nyonga moja hushuka, na mguu uliopona nusu hutua vibaya. Mfuko mdogo uliobanwa kiunoni, usiorukaruka, unamfaa zaidi mtu huyu kuliko mkanda wa ngozi wa kupendeza.

Hapo mpiga picha atapinga, na ana haki. Atasema kamera ndogo huona kidogo gizani, na uzuri wa vilima hivi uko alfajiri. Ni kweli kwamba kihisi cha kamera kubwa, chenye milimita 36 kwa 24, kina eneo la mara 2.4 hivi ya kile cha Ricoh, na hivyo hukusanya mwanga zaidi ya maradufu. Lakini tazama tulipo duniani. Rusizi iko karibu na ikweta, na huku jua hupanda karibu wima. Kati ya mwanzo wa mapambazuko na jua kuchomoza, mwanga wa anga huongezeka zaidi ya mara 100 kwa muda wa dakika 21 tu hivi. Maana yake ni kwamba mwanga huongezeka maradufu kila baada ya dakika 3. Kile ambacho kihisi kikubwa kingempa, anga lenyewe litampa akisubiri dakika 4. Na mkimbiaji aliyetoka majeruhi anazihitaji dakika hizo 4 kwa jambo jingine: kutembea na kupasha kano moto kabla ya kuanza kukimbia. Sidai kwamba tofauti ya kamera ni ndoto. Nasema kwamba katika latitudo hii tofauti hiyo hununuliwa kwa bei ndogo kuliko mahali ambapo mapambazuko huchukua saa nzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwenye tiba yenyewe. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walitangaza matokeo ya wakimbiaji wa ridhaa 15 waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino. Tiba yao ilikuwa kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 15 kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo likiwa limekunjwa, mara mbili kila siku, kwa majuma 12. Walipozoea, waliongezewa uzito kwa mkoba wa mgongoni. Wote 15 walirudi kwenye mbio. Uchunguzi uliofuata haukuwa na matokeo mazuri kiasi hicho kwa kila mgonjwa, lakini msingi umebaki: kano iliyochoka huponywa kwa mzigo, haiponywi kwa kulazwa tu. Basi, atauliza mtu, kama mkoba mzito ni dawa, kwa nini mkimbiaji asibebe kamera nzito na kuponea njiani?

Jibu ni kwamba dawa ni kipimo. Kwenye ngazi za Alfredson mzigo unajulikana, mwendo ni wa polepole, idadi imehesabiwa, na mgonjwa akisikia vibaya anaweka mkoba chini. Mteremkoni, mwisho wa mazoezi, mguu ukiwa umechoka na udongo ukiteleza, mzigo uleule huja kwa mishtuko isiyohesabika. Zaidi ya hapo kuna suala la kusoma dalili. Mwaka 2007 Karin Silbernagel na wenzake, nao wa Sweden, walionyesha kwamba wagonjwa wa kano ya kisigino waliweza kuendelea kukimbia wakati wa tiba bila kudhurika, mradi maumivu yasizidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10 na yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Huo ni uhuru mkubwa kwa mkimbiaji, lakini unategemea maumivu yawe na maana. Kama Jumatatu alibeba simu, Jumatano kamera kubwa, na Jumamosi akaongeza lenzi ya pili pamoja na kilomita moja, kisigino kikiuma Jumapili atalaumu nini? Ameharibu kipimo chake mwenyewe. Hii kwangu ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kushika kamera moja nyepesi kwa miezi ya kurudi: uzito usiobadilika humwezesha kujua kwamba kilichobadilika ni mbio.

Faida hiyohiyo inaonekana upande wa picha. Anayetembea na lenzi moja kwa majuma 12 anajifunza inamnyima nini hasa. Huenda akagundua kwamba karibu kila picha aliyoikosa ilikuwa ya sura za watu waliokuwa mbali. Basi anajua anunue nini. Huenda akagundua kwamba alikosa kwa kuchelewa kuitoa kamera mfukoni, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Mwaka 2000, katika kituo cha watoto yatima cha Imbabazi karibu na Gisenyi, upande wa kaskazini wa ziwa hilihili la Kivu, mpiga picha wa Marekani David Jiranek aliwapa watoto kamera za kutumiwa mara moja na kutupwa. Hazikuwa na lenzi ya kubadili wala kitufe cha kurekebisha mwanga. Picha walizopiga zimeoneshwa katika nchi mbalimbali kwa sababu ya kile walichokiona.

Wapo watakaosema suluhisho rahisi ni kuiacha kamera nyumbani siku ya mbio. Ushauri huo una busara kwa anayeshindana. Kwa anayerudi polepole, nadhani unapoteza msaada. Mpango wa kawaida wa kurudi huchanganya kukimbia na kutembea, dakika moja kwa mbili hapo mwanzo, na wengi huona aibu au uvivu kutembea ilhali mapafu yanaweza kukimbia. Kamera humpa mtu shughuli ya kufanya katika dakika za kutembea, na vilima humchagulia mahali: ateremke kwa kutembea, akimbie panapolala. Hatari iko kwingine. Mpiga picha huvutwa na kilima kinachofuata, mwanga ukizidi kupendeza, na safari ya kilomita 3 huwa 5. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 kwa wakimbiaji zaidi ya 5,000 uliona kwamba majeraha yaliongezeka pale mbio za siku moja zilipozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia. Kabla ya hapo, mwaka 2008, jaribio la Uholanzi kwa wakimbiaji wapya 532 halikupata nafuu yoyote katika kuongeza mazoezi ya wiki pole kwa pole: walioumia walikuwa karibu asilimia 20 katika makundi yote mawili. Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja, naona cha kuogopa zaidi ni siku moja ya kupitiliza. Mahali pa kugeukia paamuliwe kabla ya kutoka nyumbani, na paheshimiwe hata kama upinde wa mvua umesimama ng'ambo ya bonde.

Subira hii haiwahusu wanyonge tu. David Rudisha wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 London tarehe 9 Agosti 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata goti lilimkosesha mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporejea mwaka 2014 alimaliza wa saba katika mbio za Eugene, akapata medali ya fedha Glasgow, na dhahabu ya dunia haikurudi mkononi mwake mpaka Beijing mwaka 2015. Kwa upande wa kamera, Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini na mkono bandia uliomwezesha kushika kamera tena. Kifaa kilifuata mwili uliokuwepo, naye akaendelea na kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1996.

Bado kuna picha ambazo kamera ya mfukoni haiwezi. Nyungwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2023, una ndege na nyani wanaokaa juu mitini, na ndege wa mbali hutaka lenzi ndefu. Ile ya Canon ya milimita 70 hadi 200, toleo la pili, peke yake ni gramu 1,490. Anayeitaka na aibebe, lakini katika siku yake maalumu, kwa mwendo wa kutembea, akiwa hana mbio siku hiyo wala kesho yake. Siku hiyo aiandike kwenye daftari la mazoezi pamoja na kilo alizobeba na mara alizopiga goti chini kutafuta pembe, kwa sababu goti na kisigino havijui kama mzigo ni wa picha au wa mbio. Kisha asubuhi inayofuata asikilize hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, maana ukakamavu wa kano huonekana wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Zikiwa laini kama za juzi, kano imeukubali mzigo. Zikiwa ngumu, lenzi irudi kabatini kwa wiki moja zaidi.