Alichojifunza Toni Atkins Udiwani

Toni Atkins ni mtu wa kwanza kwa zaidi ya karne moja kuongoza mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo la California. Alikuwa Spika wa baraza la chini, lenye wabunge 80, kuanzia Mei 2014 hadi Machi 2016, kisha akaongoza Seneti, yenye maseneta 40, kuanzia Machi 2018 hadi Februari 2024. Wanaoandika habari zake hupenda kuanzia utotoni: alizaliwa mwaka 1962 katika milima ya Virginia, baba mchimbaji wa madini ya risasi, mama mshonaji, nyumba isiyo na maji ya bomba. Ni historia ya kuheshimiwa, na inatusaidia kuelewa kwa nini aliwajali watu wa kipato cha chini. Haituelezi kwa nini alifaulu kuwatungia sheria. Wanaojali ni wengi. Wanaojua fedha ya nyumba za maskini hukwama kwenye meza ipi ni wachache. Atkins alilijua hilo kwa sababu alifanya kazi katika ofisi ya diwani miaka ya 1990, kisha akawa diwani wa San Diego kwa miaka minane, kuanzia 2000 hadi 2008. Naamini udiwani ni elimu ambayo bunge lenyewe haliwezi kuitoa, na kwamba thamani yake huonekana zaidi siku mbunge anapolazimika kuzibana halmashauri zilezile zilizomlea.

Kwa msomaji wa Tanzania, ambako mbunge wa jimbo ni pia mjumbe wa halmashauri ya eneo lake, mgawanyo wa California unahitaji maelezo mafupi. Huko mbunge wa jimbo hana kiti katika halmashauri ya jiji. Anayetaka kwenda bungeni huuacha udiwani, na akishaondoka, maamuzi ya kila siku kuhusu ardhi hubaki mikononi mwa wale aliowaacha. Halmashauri ndiyo inayopanga eneo gani liwe la nyumba za familia moja moja, wapi pajengwe ghorofa, wapi maduka. Mwenye kiwanja akitaka kujenga zaidi ya alichoruhusiwa, ombi lake hupita kwa maofisa wa mipango miji na mara nyingi huishia kwenye kikao cha hadhara. Majirani husimama mmoja baada ya mwingine kwenye kipaza sauti: jengo litaziba jua, magari yatakosa pa kuegesha, mtaa utapoteza sura yake. Anayekosekana kwenye foleni hiyo ni mpangaji ambaye angehamia humo, kwa sababu bado hajulikani ni nani, na pengine bado anaishi mji mwingine. Diwani huwasikia waliopo, na waliopo ndio wapiga kura wake. Aliyekaa kwenye kiti hicho kwa miaka minane anajua kwamba upungufu wa nyumba hauletwi na watu wenye roho mbaya. Unatokana na utaratibu unaompa sauti mwenye nyumba na kumnyima asiyekuwa nayo.

Eneo la Atkins, la tatu, lilikuwa na mitaa ya kila namna. City Heights ulikuwa miongoni mwa mitaa hiyo, mtaa uliopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki. Kwa mtu aliyefika mjini na mkoba mmoja, kodi ya nyumba ni swali la kwanza, kabla ya shule na kabla ya hospitali. Diwani wa eneo kama hilo hawezi kulizungumzia suala la makazi kwa nadharia. Mwaka 2005 Atkins alikuwa miongoni mwa madiwani waliounga mkono sheria ya mshahara wa kujikimu kwa wafanyakazi wa kampuni zenye mikataba na jiji. Likilinganishwa na muswada wa bungeni lilikuwa jambo dogo, lakini lilimgusa mfagiaji na mlinzi moja kwa moja.

Mwaka huohuo ulimletea somo gumu kuliko yote. San Diego ilikuwa imezama kwenye mgogoro wa mfuko wa pensheni: kwa miaka mingi jiji liliwaahidi wafanyakazi mafao makubwa huku likichangia pungufu ya kilichohitajika, hadi pengo likapita dola bilioni 1. Hesabu zilizokaguliwa zilichelewa, na jiji likashindwa kukopa kwenye soko la hati fungani kama miji mingine. Julai 2005 meya alijiuzulu. Diwani aliyeshika nafasi yake alitiwa hatiani siku chache baadaye katika kesi nyingine ya rushwa, hukumu ambayo baadaye haikusimama, na ndipo Atkins akawa kaimu meya hadi Desemba. Ningependa kueleza kwamba aliingia kama mwokozi mwenye mikono safi, lakini sivyo ilivyokuwa. Uamuzi wa mwaka 2002 ulioliongezea deni hilo ulipitishwa na halmashauri ambayo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Udiwani ulimfundisha kwa namna ambayo semina haiwezi: aliona kura iliyopigwa siku moja inavyoweza kugeuka baada ya miaka mitatu kuwa maktaba iliyopunguziwa saa na barabara isiyokarabatiwa. Mei 2014, siku chache baada ya kukalia kiti cha Spika, bunge lilikubali, kwa kura za vyama vyote viwili, kuwapelekea wananchi pendekezo la kuweka akiba ya miaka mibaya na kulipa madeni. Pendekezo hilo halikuwa lake peke yake, lakini ni vigumu kufikiria kwamba aliyeshika jiji lililoshindwa kukopa alihitaji kushawishiwa.

Elimu ya udiwani inaonekana wazi zaidi katika historia ya ada ya dola 75. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha mabadiliko ya katiba yanayojulikana kama Pendekezo la 13. Kodi ya majengo ilifungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo ikakatazwa kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Kwa mwenye nyumba ilikuwa nafuu kubwa. Kwa halmashauri, nyumba mpya ikawa mzigo: inaleta watoto wa kusomeshwa, taka za kuzolewa na maji taka ya kusafirishwa, huku kodi yake haiongezeki kulingana na gharama. Duka kubwa, kinyume chake, huleta kodi ya mauzo, kwa hiyo madiwani wengi wakapendelea maduka. Kwa miongo kadhaa pengo lilizibwa kwa kiasi na mashirika ya kuendeleza upya miji, takriban 400, yaliyolazimika kutenga asilimia 20 ya mapato yao kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Februari 2012, katika kuziba nakisi ya bajeti ya jimbo, mashirika hayo yakafutwa. Chanzo cha fedha za nyumba kikakauka karibu kwa siku moja.

Mwaka 2015 Spika Atkins alipendekeza ada ya dola 75 kwa kila waraka wa ardhi unaosajiliwa, bila kugusa mauzo ya nyumba yenyewe. Kwa kuwa ilihesabiwa kama kodi, ilihitaji theluthi mbili ya kura, na haikuzipata. Mwaka 2017, akiwa seneta, alirudi na ada ileile, dola 75 zilezile, na mara hii ikapita kwa shida na kutiwa saini Septemba. Kwangu kilicho muhimu zaidi kuliko kiwango ni mgawanyo. Nusu ya makusanyo ya mwaka wa kwanza ilielekezwa kwa watu wasio na makazi, na nusu nyingine kwa halmashauri ili zirekebishe mipango yao ya ardhi na taratibu za vibali. Baada ya mwaka huo, asilimia 70 ingeenda serikali za mitaa kwa ajili ya nyumba. Mtu asiyewahi kufanya kazi jijini angepeleka kila senti kwenye matofali, kwa sababu matofali hupigwa picha. Aliyetoka udiwani anajua kwamba jiji lenye ofisa mmoja wa mipango na ramani ya miaka 30 iliyopita halitajenga hata likipewa fedha, kwa sababu hakuna mtu wa kuandaa jalada.

Baadaye alifika kwenye suala lililomgombanisha na madiwani wenzake wa zamani. Sehemu kubwa ya ardhi ya makazi katika miji ya California ilikuwa imetengwa kwa nyumba ya familia moja kwa kila kiwanja, na hakuna fedha inayoweza kujenga nyumba ya pili mahali ambapo sheria inakataza. Muswada namba 1120, wa mwaka 2020, ungeruhusu nyumba mbili, na pia kiwanja kugawanywa. Ulipita baraza la chini Agosti 31, dakika chache kabla ya saa sita usiku, saa ambayo mkutano wa bunge ulikuwa unafungwa. Seneti haikupata muda wa kupiga kura ya mwisho na muswada ukafa. Mwaka uliofuata Atkins aliurudisha kama muswada namba 9, na gavana akautia saini Septemba 16, 2021. Kiwanja cha nyumba moja sasa kingeweza kubeba hadi nyumba nne. Vifungu vya ndani vinaonyesha kalamu ya mtu aliyekaa kwenye vikao vile: nyumba iliyokaliwa na mpangaji ndani ya miaka mitatu iliyopita haibomolewi, na anayegawa kiwanja husaini kwamba anakusudia kuishi hapo kwa miaka mitatu. Kifungu cha kwanza kinamlinda mpangaji, na cha pili kinamzuia mfanyabiashara wa mbali anayenunua mitaa kwa mkupuo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya sheria hiyo ni zito na linastahili heshima. Chama cha miji ya California kilisema kwamba jimbo linapora mamlaka ya wananchi juu ya mitaa yao. Msomaji wa Kenya, ambako katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo ya maeneo yao, atalielewa haraka. Lakini serikali ya karibu na watu hupimwa kwa kuuliza ni watu gani ilio karibu nao. Halmashauri ya mji tajiri iko karibu na waliokwisha kuupata mji huo. Mlinzi anayesafiri saa mbili kila asubuhi kwenda kuulinda hapigi kura humo, na bunge la jimbo ndicho chombo cha chini kabisa ambamo yeye na mwenye nyumba wote wana mwakilishi. Mwanzoni mwa 2022 mji wa Woodside, wenye nyumba za matajiri wa teknolojia, ulitangaza kwamba eneo lake lote ni makazi ya simba wa milimani, hivyo sheria mpya haiwezi kutumika humo. Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliingilia kati na mji ukarudi nyuma ndani ya siku chache.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi: kwamba sheria yenyewe imezaa nyumba chache. Ni kweli. Maombi yamekuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, benki zilisita, gharama za ujenzi ziko juu, na Aprili 2024 jaji wa Los Angeles aliamua kwamba sheria haiwezi kuibana miji mitano iliyolishtaki jimbo, yenye hati zake za kujitawala, kwa kuwa haikuonyesha uhusiano na lengo lake la nyumba za bei nafuu. Hata hivyo, uchache wa matokeo hauonyeshi kwamba udiwani haukumsaidia. Unaonyesha kwamba mtunga sheria aliyejua mahali pa kufunga bado hakufunga kila mlango. Wengine watasema kwamba diwani mwingine angepinga sheria hiyo, na ni kweli: wapo wabunge waliotoka kwenye halmashauri na wakaikataa. Udiwani haumwamulii mtu upande. Unamwonyesha mtambo unavyofanya kazi, na kila mmoja huamua atautumia kumlinda nani.

Wapo pia wanaodai kwamba ukomo wa mihula umefanya vyeo vyote kuwa vituo vya kubadilishia basi. Atkins alikaa halmashauri mihula miwili ya miaka minne, baraza la chini mitatu ya miaka miwili, Seneti miwili ya miaka minne, kila pahali hadi sheria ilipomwambia atoke. Mimi naona ukomo huo unaongeza thamani ya udiwani. Mbunge mwenye miaka michache hana muda wa kujifunza kazi akiwa kazini, na asipoijua hutegemea washawishi wa makampuni wamweleze. Si ajabu kwamba aliyempokea Atkins uongozi wa Seneti, Mike McGuire, alianzia kwenye bodi ya shule akiwa na miaka 19 na kupitia halmashauri ya mji wa Healdsburg, wala kwamba Spika wa wakati huo, Robert Rivas, alitokea serikali ya kaunti ya San Benito.

Mwaka wake wa mwisho bungeni, 2024, Atkins alirudi kwenye kazi iliyokuwa na matundu. Muswada namba 450, uliotiwa saini Septemba, uliandika upya makusudi ya sheria ya mwaka 2021 ili kuijibu hoja ya mahakama, na ukazuia miji kuweka masharti ya ziada ambayo haiwekei nyumba za kawaida. Uliweka pia muda. Halmashauri ina siku 60 za kujibu ombi la kujenga nyumba ya pili au kugawa kiwanja, na ikikataa lazima ieleze kwa maandishi kasoro ni ipi na inarekebishwaje. Siku 60 zikipita bila jibu, ombi limekubaliwa. Mwombaji aliyezoea kuambiwa arudi wiki ijayo hahitaji tena kurudi.