Kiu isiyokata na mkojo wa kila saa: pima, usikisie

Sisi watu wa mwambao ni hodari wa kuzitafutia dalili sababu. Mtu akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, ataambiwa ni baridi ya kusi. Akimaliza jagi zima la maji na kiu iko palepale, ni joto la kaskazi. Akikonda ilhali anakula vizuri, hapo minong'ono huanza mtaani: karogwa huyu, au ana ugonjwa mwingine.

Dalili hizi tatu zikikutana, kitu cha kwanza kupima ni sukari.

Chakula tulacho, hasa wali, mahamri na chapati, hugeuka sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie mwilini ikatumike, inahitaji insulini inayotengenezwa na kongosho. Insulini ikipungua au isipofanya kazi sawasawa, sukari hubaki kwenye damu. Ikizidi, figo huimwaga kupitia mkojo, nayo hutoka na maji mengi. Kwa hivyo mtu hakojoi sana kwa kuwa anakunywa maji sana. Anakunywa sana kwa kuwa amepoteza maji. Na mwili uliokosa sukari ya kutumia huanza kula mafuta na nyama yake wenyewe, ndipo mtu akakonda. Wazee walioona sisimizi wamekusanyika penye mkojo hawakukosea kushuku.

Dalili nyengine ni uchovu, kuona ukungu, ganzi au kuchomwachomwa nyayoni, vidonda visivyopona na muwasho wa fangasi sehemu za siri. Lakini wengi hukaa na sukari miaka bila dalili yoyote.

Hata hivyo, usijihukumu. Kukojoa sana huletwa pia na ujauzito, maambukizi ya njia ya mkojo, tezi dume kwa wanaume wa makamo, au baadhi ya dawa za presha. Ndiyo maana jibu ni kipimo.

Tone la damu ya kidole latosha kuanzia. Ukipimwa asubuhi baada ya saa 8 bila kula, maji matupu tu yakiruhusiwa, 7.0 kwenda juu huashiria kisukari. Ukipimwa wakati wowote nawe una dalili, 11.1 kwenda juu ni hivyo hivyo. Daktari atathibitisha kwa maabara. Kuna pia kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, ambacho hakihitaji kufunga. Hapo mpaka ni asilimia 6.5. Usiache chai ya sukari siku mbili na kunywa mwarobaini ili upate namba nzuri. Utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Wazazi, hili ni lenu. Kisukari huwapata watoto pia, hata wembamba, na kwao huja kwa kasi. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, apimwe siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kuumwa na tumbo, kuhema kwa nguvu, kusinzia ovyo, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, ni dharura. Wengi hudhani ni malaria, na wengine humpeleka kwa mganga wakisema ana shetani. Mkimbizeni hospitali na muombe apimwe sukari, hata kama tayari amepewa dawa ya malaria. Bila insulini mtoto huyo hufa.

Ukipimwa na kukutwa huna, utalala kwa amani, na daktari atatafuta sababu nyengine. Ukikutwa nayo mapema, macho, figo na miguu yako bado vina nafasi kubwa ya kuokoka. Anayekisia hapati faida yoyote kati ya hizo mbili.