Mpira wa mkojo uliofika moyoni

MUUGUZI Gerda Ditzen alikuwa amelala juu ya meza ya upasuaji, mikono na miguu imefungwa, akisubiri kuchanwa. Aliyemfunga ni Werner Forssmann, daktari kijana wa miaka 25 hivi, wino wa cheti chake bado mbichi. Hospitali ni ya mji mdogo wa Eberswalde, karibu na Berlin, Ujerumani. Mwaka ni 1929.

Ditzen ndiye aliyeshika funguo za kabati la vifaa vya upasuaji. Alikubali kuvitoa kwa sharti moja: jaribio lifanywe kwenye mwili wake, si wa daktari. Forssmann akaitikia, akamfunga, akampaka dawa mkononi kana kwamba ndiyo anaanza. Kumbe alikwishajichoma sindano ya ganzi kwenye kiwiko chake cha kushoto. Ganzi ilipokolea akajichana, akautafuta mshipa wa damu, akaanza kusukumia ndani mpira mwembamba, polepole, kuelekea begani.

Mpira wenyewe haukutengenezwa kwa ajili ya moyo. Ulikuwa wa madaktari wa mkojo, ule wa kupitisha kwenye mrija unaotoa mkojo kwenye figo na kuupeleka kwenye kibofu. Ulikuwa na urefu wa sentimeta 65, mwembamba kama utambi, tena wa kupindika.

Alipomfungua muuguzi, mpira ulikuwa umeshaingia. Wakashuka pamoja hadi chumba cha eksirei, ncha ya nyuma ikining'inia mkononi mwa daktari. Huko chini mwenzake mmoja alitaka kuuchomoa, Forssmann akamzuia kwa mateke. Kioo kikashikwa mbele ya mtambo ili ajionee mwenyewe kivuli cha mpira kilipofikia. Akaendelea kusukuma mpaka ncha ikaingia upande wa kulia wa moyo. Picha ikapigwa.

Kwa nini ajitie katika hatari hiyo? Zama zile, daktari aliyetaka kuufikishia moyo dawa kwa dharura alipitisha sindano kifuani moja kwa moja, akiomba Mungu asichane mshipa wala kutoboa pafu. Forssmann alikuwa ameona mchoro wa wanasayansi wa Ufaransa waliopitisha mrija kwenye mshipa wa shingo ya farasi hadi moyoni. Kama farasi amepona, binadamu je? Mkuu wake, Dk Richard Schneider, rafiki wa familia yao, alimkatalia. Hakutaka kuwa yeye wa kumpelekea mama wa Forssmann taarifa ya msiba.

Na mama huyo alikwishaonja msiba. Forssmann alizaliwa Berlin, Agosti 29, 1904. Baba yake, mwanasheria, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mtoto akabaki mikononi mwa mama na bibi. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Berlin, kisha akaenda Eberswalde kujifunza upasuaji.

Novemba 1929, taarifa ya jaribio lake ikachapishwa katika jarida la Klinische Wochenschrift. Magazeti yakapiga kelele, wakubwa wa fani wakakunja uso. Alikuwa ameingia hospitali ya Charité, Berlin, chini ya Ferdinand Sauerbruch, daktari wa upasuaji aliyeogopwa sana nchini humo. Akatimuliwa. Inasimuliwa kwamba aliambiwa mambo yake yanafaa kwenye sarakasi, si hospitalini. Alilirudia jaribio hilo mara kadhaa, lakini mlango wa utafiti wa moyo ukawa umefungwa.

Alipofika hospitali ya Mainz alikutana na daktari mwenzake, Elsbet Engel, wakaoana mwaka 1933. Kisha akarudi Berlin, hospitali ya Rudolf Virchow, kusomea ubingwa wa mfumo wa mkojo chini ya Karl Heusch. Aliyeazima kifaa cha watu wa mkojo akawa mmoja wao.

Wapo watakaoona ameshushwa cheo. Kwetu pia daktari wa mkojo huzungumzwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kazi yake ni aibu: figo, kibofu, njia ya mkojo, tezi dume. Lakini fani hiyo ilikuwa mbele ya fani nyingine kwa jambo moja. Tangu miaka ya 1870, Mjerumani Maximilian Nitze alipobuni kifaa chenye mwanga cha kuchungulia kibofu, mabingwa wa mkojo walijizoesha kuingia mwilini kwa njia iliyopo, bila kupasua tumbo. Ndiyo maana mpira uliofaa kwa moyo ulikutwa kwenye kabati lao.

Upande mwingine wa maisha yake haupendezi. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi, na vitani alikuwa daktari wa jeshi la Hitler hadi aliposhikwa mateka na Wamarekani. Baada ya vita alizuiwa kwa muda kufanya kazi ya udaktari, akaishi na mkewe katika vijiji vya Schwarzwald. Mtu anaweza kuwa na ujasiri wa kuuchezea moyo wake mwenyewe, akakosa ujasiri wa kukataa dhuluma inayopita mlangoni. Sifa ya kwanza haifuti doa la pili.

Mwaka 1950 alianza kazi ya ubingwa wa mkojo katika mji wa Bad Kreuznach, akitibu wagonjwa ambao wengi wao hawakujua kisa cha Eberswalde. Kumbe New York, katika hospitali ya Bellevue, André Cournand na Dickinson Richards walikuwa wamelichukua wazo lake, na tangu miaka ya 1940 wakapima shinikizo na mtiririko wa damu ndani ya moyo kwa mpira wa aina hiyohiyo. Oktoba 1956, Tuzo ya Nobel ya tiba ikatangazwa kwa watu watatu: hao wawili, na daktari wa mkojo wa Bad Kreuznach.

Alifariki Juni 1, 1979, akiwa na miaka 74, kwa maradhi ya moyo. Angali hai, mwaka 1977 huko Zurich, daktari Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho kwa mpira wenye puto.

Leo, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mgonjwa hulazwa kwenye mtambo wa Cathlab, akachomwa ganzi, akatobolewa tundu dogo mkononi au kwenye paja, na mpira ukasafiri hadi moyoni huku daktari akiufuata kwenye skrini. Wazo la msingi ni lilelile la Eberswalde. Kilichobadilika ni kwamba daktari hajichani tena kwa siri, na anayelala mezani huelezwa kwanza, akaridhia kwa saini yake. Basi siku ukiandikiwa rufaa kwa daktari wa mkojo, nenda bila haya. Ni fani iliyouazima moyo kifaa chake.