Kwa Nini Ardhi Hutikisika Tena Baada ya Tetemeko

Mama mmoja wa Pwani aliyeolewa Mwingi ametuletea swali ambalo bila ya shaka limo nyoyoni mwa wengi: tetemeko likishapita, si ndiyo yamekwisha? Mbona watu huambiwa wasirudi ndani ya nyumba zao?

Swali hili si la upuuzi. Jumatano tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika chache usiku, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.0 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Mafia. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa waliotoka kusali Isha waliona taa zikining'inia na kuyumba. Hata Nairobi lilihisika. Akina mama wengi waliwabeba watoto wakatoka nje, kisha wakasimama uani wasijue: warudi ndani, au walale nje?

Ili tufahamu, na tukitazame kitanda cha kamba. Kamba moja ikikatika ghafla, uzito uliokuwa juu yake haupotei, bali huhamia kwenye kamba za jirani. Nyengine hustahimili, nyengine hunyooka polepole, na ile iliyokwisha kuchakaa hukatika baada ya saa moja au baada ya siku mbili. Ndivyo lilivyo jabali la chini ya ardhi. Miamba husukumana kwa miaka mingi pande mbili za ufa hata nguvu ikazidi kiasi, ikateleza ghafla. Mteleko huo huipunguzia ardhi mzigo mahali pamoja, lakini huuongeza kwenye ncha za ufa na kwenye nyufa za jirani. Kila mahali panapojiweka sawa, ardhi hutikisika tena. Haya ndiyo matetemeko ya baadaye.

Yana utaratibu wake. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijapani, Fusakichi Omori, alionesha kuwa idadi yake hupungua kadiri siku zinavyopita: siku ya kumi huwa kama sehemu moja ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Kwa kawaida lililo kubwa kabisa kati yake huwa chini ya tetemeko la asili kwa kipimo kimoja na ziada. Kipimo kimoja si kidogo, kwani nguvu yake hupungua kwa takriban mara 32.

Hata hivyo, kawaida si ahadi. Tarehe 6 Februari 2023, Uturuki na Syria zilipigwa alfajiri na tetemeko la 7.8. Saa tisa baadaye, mchana, ufa wa jirani ukateleza kwa ukubwa wa 7.5, na majengo yaliyokuwa yamebaki yakisimama kwa taabu yakaanguka. Waliokufa katika nchi hizo mbili walizidi 50,000.

Karibu na kwetu, Bukoba ilipatwa tarehe 10 Septemba 2016, siku za kukaribia Idi ya kuchinja. Tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu 15, likabomoa mamia ya nyumba, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Ardhi iliendelea kutikisika baadaye, na familia nyingi zikalala nje. Ukuta uliokwisha kupasuka hauhitaji nguvu nyingi kuanguka. Hapo ndipo hatari ya tetemeko dogo ilipo.

Na Mwingi je? Mji huo umekaa juu ya miamba mikongwe yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, mashariki ya Bonde la Ufa. Ufa wenyewe unaofanya kazi hupita pande za Nakuru na Naivasha. Huko Subukia, tarehe 6 Januari 1928, lilitokea tetemeko la 6.9, kubwa kabisa kupimwa nchini Kenya. Kwa hiyo mtikisiko unaohisika Mwingi mara nyingi hutoka mbali, na matetemeko yake ya baadaye huwa madogo mno kufika huko. Hilo ni jambo la kutuliza moyo, lakini lisitusahaulishe tahadhari.

Basi jibu la mama yetu ni hili. Mtikisiko ukitulia, zima jiko na gesi, toka na watoto hadi mahali pa wazi, mbali na kuta, nyaya na tangi la maji lililoinuliwa juu. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Kabla ya kurudi, tazama kuta mchana. Nyufa za mshazari zitokazo kwenye pembe za milango na madirisha, au ukuta uliojitenga na paa, ni ishara ya kumwita fundi kwanza. Kama kuta ni nzima, rudini, lakini viatu na tochi viwe karibu na kitanda. Sisi wa ufukweni, mtikisiko ukiwa mkali na mrefu, au bahari ikikupwa ghafla, tukimbilie mahali pa juu bila ya kungoja tangazo.

Zikija habari za simu kwamba tetemeko jengine litapiga saa fulani, msizisambaze. Hakuna mtaalamu awezaye kuitaja saa hiyo. Ilimu yake tunamwachia Mwenyezi Mungu. Letu ni kukagua kuta, kuwafundisha watoto njia ya kutokea, na kujuliana hali na majirani.