Saa Isiyo na Mteja

Mzee wa ofisi yetu alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani. Jumatatu iliyofuata mteja mmoja akapiga simu kuulizia pingamizi lake la kodi lililolala miaka mitatu. Faili lilikuwepo, barua zimepangwa kwa tarehe. Lakini kwa nini tulikubali thamani ile ya mali iliyokuwa ghalani, hakuna aliyejua. Ikabidi tumpigie Mzee shambani kwake Muheza.

"Geuza jalada, mwanangu," akasema. "Nyuma kuna maneno ya penseli."

Yalikuwepo: "Angalia bei ya Tanga." Hata hayo ilibidi atufasirie.

Ofisi ile ya wakaguzi wa hesabu, nilikoanzia kazi, haikuwa imelala. Kwenye kompyuta kulikuwa na folda ya uzoefu, na waraka uliomtaka kila mtu aandike alichojifunza kwa wateja. Mwaka ulipoisha folda ilikuwa na nyaraka tatu, mojawapo ni ule waraka wenyewe. Wakubwa wakasema vijana wanabania ujuzi.

Wapo wanaobania, sikatai. Ila kila Ijumaa tulijaza karatasi ya saa, na kila saa ilidai namba ya mteja wa kulipishwa. Kumwelekeza mwenzako hakukuwa na namba. Ukikaa naye saa mbili, mwisho wa mwezi unaonekana mvivu.

Wanda Orlikowski, mtafiti wa MIT, aliandika habari kama hiyo mwaka 1992. Kampuni kubwa ya washauri nchini Marekani ilikuwa imenunua programu ya Lotus Notes ili watu wake wagawane ujuzi. Washauri walipimwa kwa saa za wateja, na asiyepanda cheo aliondoka. Nani ampe mshindani wake ngazi?

Mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox wao walikuwa wakipeana bure. Mwanaanthropolojia Julian Orr, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1996, aliwafuata kazini akaona kitabu cha maelekezo kikigonga mwamba. Mashine sugu ilitibiwa kwa visa walivyosimuliana wakila pamoja. Baadaye kampuni ikatengeneza mfumo wa Eureka, ulioanza kutumika Ufaransa: fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake waliikagua, kisha ilisambazwa ikiwa na jina lake. Hilo jina ndilo ninalolipenda. Sisi folda yetu haikuwa na jina la mtu.

Chai yetu ya saa nne ilikuwa na vitumbua, na Mzee alikuwa mwingi wa visa. Tulicheka tu. Hakuna aliyeshika kalamu, nami nikiwemo.

Siku hizi, katika ofisi yangu ndogo, karatasi ya saa ina namba ya kufundishana. Mwezi uliopita zilijazwa saa sita, nne zikiwa za binti mmoja aliyewaeleza wenzake marejesho ya VAT. Mhasibu wetu amekuja mara mbili kuniuliza saa hizo ambebeshe mteja gani.